Ukiinua gari, usiisahau propela

Bila shaka, mpenzi msomaji, umewahi kuona barabarani Land Rover, Land Cruiser au Suzuki ndogo iliyoinuliwa ikawa ndefu kuliko ilivyotoka kiwandani. Magari ya namna hii huonekana kwa wingi katika mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka wa 1989 kwa nia ya kuchangisha fedha za kujenga ua wa umeme kuzunguka msitu wa Aberdare. Ua huo ulikamilika mwaka wa 2009, lakini hamu ya kuinua magari haijapungua.

Si washindani pekee wanaofanya hivyo. Kuna familia za mjini zinazopenda kutembelea Magadi au Turkana, na kuna wenye mashamba ambako njia hugeuka tope tupu msimu wa masika. Huenda nawe ungependa gari lako liinuliwe inchi mbili ili lisigonge mawe. Hakuna ubaya. Shida ni kwamba wengi hulipia springi, shokamzoba na magurudumu, kisha wakaondoka gereji bila kuuliza swali moja muhimu: je, propela imekaaje?

Kazi ya propela

Propela ni lile bomba la chuma linalozunguka chini ya gari, likitoa nguvu kwenye giaboksi na kuzipeleka kwenye difu. Katika gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, propela huwa mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, na zote hutoka kwenye kisanduku cha kugawa nguvu ambacho mafundi hukiita transfa. Kila upande wa propela kuna kiungo kiitwacho krosi, kwa kuwa kina umbo la msalaba. Krosi ndiyo huiwezesha propela kuzunguka huku ekseli ikipanda na kushuka.

Ukiinua gari, transfa hupanda pamoja na bodi, ilhali ekseli hubaki chini na magurudumu. Kwa hivyo propela huinama zaidi. Chukua mfano wa propela ya urefu wa sentimita 100. Ukiinua gari sentimita 5, mwinamo huongezeka kwa karibu nyuzi 3. Ukiinua sentimita 10, huongezeka kwa karibu nyuzi 6. Propela ikiwa fupi, ya sentimita 60 mathalani, sentimita 5 pekee huleta karibu nyuzi 5. Ndiyo maana magari mafupi huathirika haraka.

Kwa nini gari hutetemeka

Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa hisabati atalifurahia. Krosi ikifanya kazi ikiwa imepinda, haizungushi upande wa pili kwa mwendo sawa. Katika kila mzunguko mmoja, upande huo huenda kasi mara mbili na kupunguza mwendo mara mbili. Ikiwa pembe ni nyuzi 20 na upande wa kwanza unazunguka mara 1,000 kwa dakika, upande wa pili utakuwa ukipanda na kushuka kati ya karibu 940 na 1,064. Huo ndio mtetemo unaousikia sakafuni.

Dawa yake ni krosi ya pili. Pembe ya krosi ya juu ikiwa sawa na ya chini, na krosi zote zikiwa zimepangwa kwa mstari mmoja, kosa la moja hufutwa na la nyingine. Kwa maneno mengine, mhimili unaotoka kwenye transfa na pua ya difu sharti viwe sambamba.

Wengi hupotea hapo. Wanaiona propela imeinama, wanapigilia kabari kati ya springi na ekseli hadi pua ya difu iitazame transfa moja kwa moja. Kwa macho inapendeza. Lakini sasa krosi ya chini haina pembe na ya juu ingali na pembe kubwa. Hakuna cha kulifuta kosa lake, na gari hutetemeka kuliko awali.

Marekebisho yafaayo

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuishusha transfa kidogo kwa kuweka vipande vya chuma juu ya mhimili unaoibeba. Ikiwa jambo hilo limeuinamisha mhimili wa transfa kwa nyuzi 2, basi kabari ya nyuzi 2 itaiinua pua ya difu vivyo hivyo, na usambamba utabaki. Kumbuka kwamba utapoteza sehemu ya kimo ulicholipia, na propela ya mbele itahitaji kupimwa upya.

Ya pili ni kutengenezewa propela yenye krosi mbili zilizopakana upande wa transfa. Hizo mbili hufutiana kosa zenyewe. Ni katika propela ya aina hii pekee ambapo pua ya difu hufaa kuitazama transfa.

Kabari na iwe ya chuma cha pua au cha kawaida, wala si mbao, na ifungwe kwa bolti ya katikati ya springi. Mwambie fundi apime pia sehemu ya propela inayorefuka na kufupika. Ikivutika kupita kiasi, inaweza kuchomoka.

Ekseli ya mbele ina mtihani wake. Ukiigeuza ili pua ya difu itazame juu, unapunguza ule mwinamo unaoifanya stering'i irudi yenyewe baada ya kona. Gari litaanza kuyumba kwenye lami, na dereva atakuwa akipigana na usukani safari nzima. Kati ya propela tulivu na usukani salama, mwachie usukani nafasi ya kwanza, hata kama itakubidi uinue gari kidogo kuliko ulivyotamani.

Jipimie mwenyewe

Protrakta ya mtoto wako wa shule inatosha kuanzia. Funga uzi katikati yake, ning'iniza nati, kisha ulaze ukingo wake ulionyooka juu ya propela usome mwinamo. Fanya vivyo hivyo kwenye transfa na kwenye difu. Gari liwe mahali tambarare, limesimama kwa magurudumu yake, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa na mawe yamewekwa. Kamwe usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Dalili za hatari ni mtetemo unaozidi kwa mwendo fulani, mlio wa "tak" unapobadilisha gia, unga wa kutu kwenye krosi na mafuta yanayovuja mbele ya difu. Ukiona mojawapo, usisubiri safari ya Krismasi. Krosi mpya ni bei ndogo. Propela iliyokatika ikipigapiga sakafu, na watoto wameketi juu yake, haina bei. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.