Neno la Kihispania Pescado kama Nomino na kama Partisipo: Fasiri yake katika Hati za Samaki wa Ziwa Victoria

Kihispania hutofautisha kwa maneno mawili kile ambacho Kiswahili hukiita samaki tu. Aliye hai majini ni pez. Akishatolewa majini ili aliwe, ni pescado. Katika baadhi ya nchi za Amerika ya Kilatini mpaka huo umelegea, lakini katika Kihispania cha Hispania ungali imara. Pescado limetokana na kitenzi pescar, yaani kuvua, na umbo lake ndilo lile lile la partisipo, umbo la kitenzi lenye kazi ya kivumishi na maana ya “aliyevuliwa”. Mwanza husafirisha minofu ya sangara Ulaya, na mwaka 1997 Hispania na Italia zilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya bakteria wa salmonela. Kwa mfasiri wa hati za biashara hiyo, utata wa neno hili si suala la darasani pekee.

Kigezo cha kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Katika hemos pescado (“tumevua”), neno hufuata kitenzi kisaidizi haber nalo halibadiliki. Katika la perca pescada ayer (“sangara aliyevuliwa jana”), partisipo huchukua jinsia ya kike ya nomino perca, na katika wingi huwa pescadas. Lakini katika la perca es un pescado de agua dulce (“sangara ni samaki wa maji baridi”), umbo limebaki la kiume ingawa perca ni ya kike, tena limetanguliwa na kibainishi un. Hapo ni nomino.

Kiswahili hakina partisipo ya namna hii; kazi yake hufanywa na kirejeshi, kama katika samaki waliovuliwa. Hata hivyo, njia ya kutoka kutendwa hadi jina haikigeni. Mfungwa limetokana na fungwa, na mtumwa na tumwa. Mfungwa anayepalilia bustani ya gereza bila pingu wala kamba bado ni mfungwa, kwa kuwa jina limekwisha kuachana na tendo lililolizaa. Pescado limepita njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba Kiswahili huliweka jina la mnyama, samaki, mbali kabisa na kitenzi vua, na matokeo ya tendo hilo huyapa jina jingine, mavuo. Kwa sababu hiyo msomaji wa Kiswahili hana cha kumwashiria kwamba pescado lina nyuso mbili.

Hatari hujitokeza zaidi penye maandishi mafupi yasiyo na kibainishi wala kitenzi, kama vile pescado en el lago Victoria. Maneno hayo yanaweza kusomwa “samaki katika Ziwa Victoria” au “aliyevuliwa katika Ziwa Victoria”. Zamani usomaji wa pili usingemdhuru mtu, maana samaki wote waliofika mialoni walikuwa wamevuliwa. Leo sato hufugwa katika vizimba ndani ya ziwa lile lile. Sato wa kizimbani naye ni pescado akifika sokoni, lakini kumwita “aliyevuliwa” ni kumpa asili isiyo yake, na asili hiyo ni jambo la kisheria: Kanuni Na. 1379 ya mwaka 2013 ya Umoja wa Ulaya humtaka muuzaji aoneshe iwapo samaki amevuliwa au amefugwa.

Inafaa kuangaliwa kwamba, katika Kihispania, kanuni hiyo haikulitegemea pescado kubainisha jambo hilo. Imetumia capturado en agua dulce kwa aliyevuliwa katika maji baridi, na de cría kwa aliyefugwa. Kwa hiyo pescado capturado si urudufu, wala pescado de cría si ukinzani. Katika yote mawili pescado ni nomino, na fasiri yake ni “samaki”. Fasiri ya “aliyevuliwa” ibakie pale ambapo upatanisho unaithibitisha. Penye maandishi yasiyo na upatanisho wa kutegemewa, hati ya asili ya mzigo, inayotaja mwalo au kizimba, isomwe kabla ya kamusi.