Dawa ya Kuzuia Barafu katika Boti za Nchi za Joto

Katika mwambao wa Afrika Mashariki maji ya injini hayagandi kwa baridi kamwe. Hata hivyo watengenezaji wa injini za dizeli za boti huagiza kwamba maji ya kupozea injini yachanganywe na kizuia-mgando, kimiminika ambacho mafundi hukiita kulanti. Baadhi ya wenye boti huliona agizo hilo kuwa gharama ya bure, lililoandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, nao hujaza maji ya kisima. Madhara yake hayaonekani siku ya kwanza. Huonekana baada ya muda mrefu, pengine boti ikiwa mbali na nchi kavu, injini inapochemka na kuzimika huku upepo ukiisukuma boti kwenye miamba.

Injini ya dizeli hugeuza theluthi moja tu ya nishati ya mafuta, au zaidi kidogo, kuwa kazi. Inayobaki huwa joto: sehemu hutoka pamoja na moshi, na sehemu hupita katika kuta za silinda. Injini nyingi ndogo zinazofungwa nyuma ya mashua hupozwa moja kwa moja kwa maji ya bahari, na habari hii haizihusu. Injini zinazowekwa ndani ya boti aghalabu huwa na mizunguko miwili ya maji. Mzunguko wa kwanza umefungwa: maji yasiyo na chumvi huzizunguka silinda, huchukua joto, na kulipeleka kwenye kibadilisha joto. Mzunguko wa pili uko wazi: pampu huvuta maji ya bahari, huyapitisha katika mirija ya kibadilisha joto, kisha huyatupa nje. Maji ya aina hizi mbili hayakutani. Hutenganishwa na ukuta mwembamba wa mrija tu. Sababu ya mpango huu ni kwamba lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi mbalimbali, na maji hayo yakipata joto linalozidi nyuzi 60 za Selsiasi huanza kuacha utando mgumu kama ule wa ndani ya birika. Utando huo hulizuia joto lisitoke.

Je, kizuia-mgando huyafanya maji yapoze zaidi? La. Gramu moja ya maji huhitaji jouli 4.2 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja, ilhali mchanganyiko wa maji na etilini glaikoli, nusu kwa nusu, huhitaji karibu jouli 3.4 tu. Kwa kubeba joto, maji matupu ni bora. Faida ya kwanza ya glaikoli katika nchi za joto ni kupandisha kidogo kiwango cha kuchemka, kutoka nyuzi 100 hadi karibu 107. Lakini faida kubwa inatokana na dawa nyingine zilizotiwa ndani yake na kiwanda, ambazo huzuia kutu.

Ndani ya injini moja mna chuma, alumini na shaba. Metali za namna mbalimbali zinapogusana ndani ya maji yenye chumvi kidogo, huwa kama betri: mkondo wa umeme hupita, na metali iliyo dhaifu huliwa. Dawa za kuzuia kutu hutandaza utando mwembamba juu ya metali na kuukatiza mwendo huo. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu. Pistoni inapopigwa na mlipuko, ukuta wa silinda hutetemeka, na upande wa maji hutokea mapovu madogo sana ya mvuke. Mapovu hayo huporomoka papo hapo kwa nguvu, kana kwamba ukuta unagongwa kwa nyundo ndogo zisizohesabika. Penye utando wa dawa, utando ndio unaoumia, nao hujijenga upya. Pasipo na dawa, chuma hutoboka vishimo vishimo, mpaka siku moja maji yanaingia ndani ya silinda.

Kizuia-mgando kisichochanganywa huongezewa maji kati ya nusu na theluthi mbili, kwa kufuata kitabu cha injini. Maji yaliyokenekwa ndiyo bora; maji ya visima vya mwambao, yanayopita katika mawe ya matumbawe, huwa na chokaa nyingi. Mwanafunzi mwenye haidromita anaweza kuupima mchanganyiko: maji yana uzito wa gramu 1.00 kwa kila sentimita ya ujazo, glaikoli tupu 1.11, na nusu kwa nusu karibu 1.07. Kipimo hicho, hata hivyo, hakionyeshi kama dawa za kutu zimekwisha. Hizo huchakaa, zile za zamani katika miaka miwili hivi, na glaikoli yenyewe hugeuka polepole kuwa asidi. Rangi ya kimiminika si ushahidi, kwani kila kiwanda huchagua rangi yake.

Maji yakipungua, uvujaji wa nje hutafutwa kwanza: mipira iliyopasuka, klipu zilizolegea, na kitundu kidogo kilicho chini ya pampu, ambacho kimewekwa makusudi ili kidondoshe maji sili inapochakaa. Kukiziba kitundu hicho ni kuuficha ugonjwa. Kifuniko cha tangi kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Shinikizo lililo ndani huyazuia maji yasichemke, na likiondolewa ghafula maji hugeuka mvuke na kumwunguza afunguaye.

Uvujaji wa ndani ni mgumu zaidi. Gasketi ya kichwa cha silinda ikiungua, mapovu hutoka mfululizo katika tangi mara injini inapowashwa, au mafuta ya injini hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mrija wa kibadilisha joto ukitoboka, kulanti husukumwa baharini injini inapofanya kazi; injini ikipoa na shinikizo likishuka, maji ya bahari huweza kuingia.

Kuonja kulanti ili kutambua chumvi ni hatari kubwa. Etilini glaikoli ni tamu, na mwilini hugeuka kuwa asidi ya oksaliki inayoharibu figo. Kiasi kidogo humwua mtoto. Kwa sababu hiyo haifai kabisa kuwekwa katika chupa ya soda, wala kumwagwa chini.

Maabara ya shule ina njia iliyo salama. Kulanti kidogo hutiwa katika neli ya majaribio, huongezwa matone ya asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kisha matone ya nitrati ya fedha. Mashapo meupe mazito ni kloridi ya fedha, yaani chumvi imeingia. Kulanti mpya iliyochanganywa na maji yale yale ijaribiwe kando, kwa kuwa maji ya kisima nayo huwa na kloridi. Kwa boti za Ziwa Victoria au Ziwa Tanganyika jaribio hili halina msaada. Huko mirija hutolewa, huzibwa upande mmoja, hujazwa hewa na kuzamishwa majini, na penye tundu mapovu hujitokeza.