Mchezaji mpya wa mstari wa pili: tumpime ginsi gani?



Tangu trimestri hii ianze tumepata ulizo moja mara nyingi, darasani na hata njiani kwenda kuchota maji. Wenzetu waliotazama rugby kwenye simu ao kwenye televisheni huko Butembo wanauliza: "Ule murefu iko anafanya nini pale katikati? Hagusi hata mupira!" Wanasema juu ya wale wawili wenye kuvaa namba 4 na namba 5. Kisha wanaongeza: "Na wakileta mupya, utajua namna gani kama iko muzuri?" Tumeona vema kujibu, maana ulizo hilo linatugusa hata sisi tusiocheza rugby. Mwishoni mtaona kwa nini.

Kwanza, mchezo wenyewe. Ekipe ina watu 15, na mchezo ni wa dakika 80. Mpira hautupwi mbele kwa mkono. Mtu anakimbia nao, ao anampa mwenzake aliye kando ao nyuma yake. Akiufikisha chini nyuma ya mstari wa adui, ekipe yake inapata pointi 5. Watu 7 ni wa nyuma, wenye mbio. Watu 8 ni wa mbele, wenye kazi nzito. Kati ya hao 8, watatu wanashikana mabega kufanya mstari wa kwanza, na wawili wanaingiza vichwa katikati ya viuno vyao kutoka nyuma. Hao wawili ndio mstari wa pili.

Kazi zao ni tatu. Ya kwanza ni mele, ndiyo kusukumana kwa watu 8 na 8. Nguvu ya mstari wa kwanza inatoka kwa hawa wawili walio nyuma yao. Ya pili ni tushi. Mpira ukitoka nje, unarudishwa kwa kutupwa katikati ya mistari miwili ya wachezaji. Mtu mmoja anaruka, wenzake wanamwinua juu kwa mikono, naye anaudaka hewani. Mara nyingi anayeruka ni wa mstari wa pili. Ya tatu ni kazi ya chini: kuangusha mwenye mpira, kusimama upesi, kuingia katika rundo la watu na kumsukuma adui ili mpira utoke upande wetu. Kazi hiyo wanaifanya mara nyingi katika mchezo mmoja, na watazamaji wachache tu wanaiona.

Sasa tutoe mufano wa mtu aliyepimwa mbele ya ulimwengu. Maro Itoje alizaliwa London mwaka 1994, wazazi wake ni wa kutoka Nigeria. Katika ekipe kubwa ya Uingereza alianza tarehe 14 mwezi wa 2 mwaka 2016, huko Roma, akiingia kama mchezaji wa akiba. Uingereza ilishinda Italia 40 kwa 9. Mtu angaliweza kusema: siku ya ushindi mkubwa namna hii, kila mgeni anaonekana mzuri. Na angalisema kweli. Lakini waliomchagua hawakutazama siku ile moja. Mwaka 2014 walikuwa wamekwisha kumwona akiwa kapiteni wa vijana wa chini ya miaka 20, na vijana wale walichukua kombe la dunia la umri wao. Mwaka uleule wa 2016 Uingereza ilishinda michezo yote 5 ya Mashindano ya Mataifa Sita, naye yuko ndani. Mwaka 2019, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia huko Yokohama, Uingereza ilipiga New Zealand 19 kwa 7, na Itoje alitajwa kuwa mchezaji bora wa siku hiyo. Juma lililofuata, walipigwa na Afrika Kusini 32 kwa 12 katika fainali.

Tena kuna siku mbaya. Mwezi wa 2 mwaka 2021, huko Cardiff, Wales ilishinda Uingereza 40 kwa 24, na Itoje peke yake alifanya makosa 5 yaliyopewa penalite. Penalite moja inaweza kuleta pointi 3. Watu walimlaumu sana. Kama wangalimpima kwa siku hiyo tu, angalirudi nyumbani. Mwaka 2025 yeye ndiye kapiteni wa Uingereza, na tena kapiteni wa Lions, ekipe inayokusanya wachezaji wa Uingereza, Scotland, Wales na Ireland. Lions walishinda Australia michezo 2 kwa 1. Na wanafunzi wasikie hili: alipokuwa anacheza hivyo, alisoma pia siasa kwenye chuo kikuu huko London.

Wengine wanafikiri namba hii ni ya mtu mrefu na mzito tu, basi. Ni kweli kwamba urefu unasaidia: Eben Etzebeth wa Afrika Kusini anapita mita 2. Lakini yeye alianza mwaka 2012, na ilimchukua mpaka mwaka 2024 kumpita Victor Matfield aliyekuwa amechezea taifa lao mara 127. Urefu alikuja nao siku ya kwanza. Ile miaka 12 ndiyo iliyomfanya Etzebeth. Na Cameron Woki wa Ufaransa alikuwa mchezaji wa mstari wa tatu, mwepesi kuliko kawaida ya namba hii. Wakamweka mstari wa pili kwa sababu anaruka vizuri kwenye tushi, na mwaka 2022 Ufaransa ikashinda michezo yote 5 ya Mataifa Sita.

Hata karibu yetu kuna la kujifunza. Wakenya wanajulikana sana katika rugby ya watu 7. Mwezi wa 4 mwaka 2016 walichukua kombe la Singapore kwa kupiga Fiji 30 kwa 7. Lakini katika mchezo ule mele ni ya watu 3 tu, hakuna mstari wa pili. Katika rugby ya watu 15 Kenya ilikwenda Marseille mwaka 2018 kutafuta nafasi ya mwisho ya Kombe la Dunia, ikashindwa michezo yote 3. Mbio peke yake hazitoshi pale penye kusukumana kwa watu 8.

Basi, ukimwona mpya wa namba 4 ao 5, usitazame mpira tu. Tazama mambo haya:

1. Hesabu mipira ya tushi. Ngapi amedaka ya upande wake, na ngapi amewanyang'anya adui?

2. Kwenye mele, tazama wale watatu walio mbele yake. Wakisimama imara, yeye anafanya kazi. Akitoka wakaanza kurudi nyuma, umepata jibu.

3. Hesabu penalite anazosababisha. Nguvu isiyotii mwamuzi inawapa adui pointi.

4. Mtazame baada ya dakika ya 60. Je, bado anasimama upesi akianguka, ao anatembea?

5. Rudia hayo yote katika michezo mingi: ya kushinda na ya kushindwa, na mvua na jua.

Ndugu, sasa tuseme yetu. Katikati ya mwaka alifika hapa mwanafunzi mgeni, jamaa yake imekimbia vita. Ni mrefu kupita sisi wote. Sisi wa kamati ya michezo tulimweka katika voleboli juma lilelile, karibu na wavu, mbele ya wageni kutoka mjini. Akakosa mipira minne. Tukamtoa. Wengine wakampa jina "Kalipitusi", nasi tukacheka. Tangu siku ile hakuja tena mazoezini, na saa ya kupumzika anakaa peke yake.

Tulimpima kwa urefu alipoingia, tukampima kwa mipira minne alipotoka. Hakuna aliyemwonyesha mahali pa kusimama. Hakuna aliyehesabu mara ngapi wapinzani waliogopa kupiga upande wake. Kosa ni letu, si lake. Sisi tunaojua vizuri habari ya Samweli nyumbani kwa Yese tungalipaswa kuwa na akili zaidi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kumwomba arudi. Alisikiliza, akasema atafikiri. Hatuwezi kumdai zaidi. Lakini kamati imekata maneno haya: tangu sasa kila mchezaji mpya atapewa michezo mitano kabla ya kutolewa, mwandishi wa kamati ataandika kazi yake katika daftari, na lile jina "Kalipitusi" hatutaki kulisikia tena uwanjani.

Sisi wa mwaka wa mwisho tunakwenda kwenye Egzameni ya Serikali, hatutakuwa hapa kulinda daftari hilo. Ninyi mnaobaki, mlitunze. Na akirudi, mwonyesheni kwanza mahali pa kusimama.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la Kamati ya Michezo