Kuutafuta Muziki wa Katavi Kwenye Kanzidata

Mwalimu wa Misunkumilo, Mpanda, anayetaka kuandika kuhusu ngoma za wakulima wa Kisukuma waliohamia Katavi anaweza kuandika "muziki wa Katavi" kwenye kanzidata ya maktaba, asipate kitu. Asikate tamaa. Kanzidata hulinganisha herufi alizoandika mtafutaji na zile alizoandika mkutubi, na mkutubi huyo pengine hakuwahi kulisikia jina Katavi.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Mpanda, makao makuu yake, ilikuwa chini ya Rukwa, mkoa ulioundwa mwaka 1974, na kabla ya Rukwa ilikuwa chini ya Tabora. Rekodi ya mwaka 1950 itakuwa imehifadhiwa kwa jina la Tanganyika. Kwa hiyo, kabla ya kugusa kompyuta, mtafiti aorodheshe majina yote ambayo mahali na watu wake wamewahi kuitwa, kisha ayajaribu moja moja.

Hatua ya pili ni kujua kila kanzidata imebeba nini. RILM, iliyoanzishwa mwaka 1966, hukusanya taarifa na muhtasari wa maandishi kuhusu muziki duniani. Inakuonyesha kwamba kitabu kipo na kinahusu nini. JSTOR hutoa makala zenyewe, na mwenye akaunti ya bure husoma kiasi fulani mtandaoni kila mwezi. Anayetaka rekodi za sauti aende ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954 na sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Tracey alirekodi Tanganyika mwaka 1950.

Turudi kwa mwalimu wetu. Akitafuta "Sukuma" pamoja na "songs" atakutana na kitabu cha Frank Gunderson cha mwaka 2010, Sukuma Labor Songs from Western Tanzania. Angeandika "labour" kwa tahajia ya Kiingereza cha shuleni kwetu, huenda kingempita. Akishakipata, asome orodha ya marejeo yake. Kitabu kimoja kizuri humfikisha mtu kwenye makala ambazo kisanduku cha kutafutia hakikumwonyesha.

RILM hulipiwa na taasisi, hivyo mwalimu aulize mkutubi wa chuo. Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), iliyoko Mpimbwe, imo humu humu mkoani.

Hata hivyo, kanzidata hubeba kile tu ambacho mtu alikirekodi au kukiandika. Wenyeji wa Katavi kama Wabende, Wapimbwe na Wakonongo wakionekana kwa uchache humo, huo ni upungufu wa waliorekodi. Hauthibitishi kwamba hawakuwa na muziki. Pengo hilo linazibwa na wazee walio hai. Basi unapomrekodi mwimbaji, andika jina lake kwa ridhaa yake, kijiji, lugha, ala na mwaka, kisha peleka nakala maktaba. Rekodi isiyo na maelezo hayo haitapatikana na yeyote atakayeitafuta kesho.