Mguu wa mtoto unaouma usiku: tuijue kanseri ya mifupa

Malaria tunaijua, kipindupindu tunakijua, na kanseri ya matiti tumeanza kuizungumzia katika vikao vyetu. Lakini kanseri ya mifupa bado haitajwi. Wengi wetu wanaona mfupa kama jiwe, kitu kikavu kisichoweza kuota ugonjwa wa namna hiyo. Kumbe mfupa ni hai. Una damu, una seli zake, na kwa mtoto unakua kila siku. Mahali seli zinapoanza kuzaliana bila utaratibu, na kula mfupa wenye afya, ndipo kanseri inapoanzia.

Ugonjwa huu ni wa nadra, na hatuandiki ili kuwatia hofu. Tunaandika kwa sababu mtoto akifika mapema kwa munganga anaweza kupona, na akichelewa anaweza kufa. Mara nyingi kinachochelewesha ni sisi watu wazima.

Unampata nani?

Kanseri ya mfupa inayoonekana zaidi kwa vijana inaitwa osteosarkoma. Inapenda umri wa miaka 10 hadi 20, wakati mtoto anarefuka haraka. Mara nyingi inakaa karibu na goti: upande wa chini wa mfupa wa paja, au upande wa juu wa mfupa wa muundi. Inaweza pia kukaa karibu na bega. Ya pili kwa vijana inaitwa sarkoma ya Ewing. Hiyo inaweza kuota kwenye nyonga, mbavu au miguu, na pengine inakuja na homa, hata watu wakadhani ni malaria au usaha wa mfupa.

Kwa watu wazima kuna kondrosarkoma, inayotoka kwenye gegedu. Lakini kwa mtu mzima, kanseri inayoonekana ndani ya mfupa mara nyingi imetoka mahali pengine: kwenye titi, kwenye mapafu, au kwenye tezi dume kwa wababa. Kwa hiyo mama aliyetibiwa kanseri ya titi, akianza kuumwa mgongo au nyonga bila kupata nafuu, asiseme ni uzee. Amwambie munganga.

Alama za kuangalia

Sisi walimu tunakaa na watoto wenu asubuhi nzima, na kuna mambo tunayaona. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kukimbilia mpira anaanza kukaa pembeni wakati wa mapumziko. Anachechemea. Anasinzia darasani kwa sababu usiku hakulala. Ninyi nyumbani mnaona mengine: analia usiku, anataka mguu ukandwe, dawa ya maumivu inasaidia siku mbili na maumivu yanarudi. Kisha uvimbe unatokea, mgumu, mahali pale pale. Mara nyingine mfupa unavunjika kwa kujikwaa tu.

Si kila maumivu ni kanseri. Mtoto anayekua anaweza kuumwa miguu yote miwili jioni, na asubuhi akacheza. Mtoto wa SS anapata maumivu makali ya mifupa yanayokuja na kwenda, mara mkono, mara mguu. Kuna pia kifua kikuu cha mifupa. Kutofautisha hayo si kazi yetu wala ya jirani. Sheria yetu iwe hii: maumivu ya mahali pamoja, yanayodumu zaidi ya wiki mbili au tatu, yanayoamsha mtoto usiku, au yenye uvimbe, yapelekwe kwenye kituo cha afya, na tuombe picha ya mfupa, ile tunayoita radio.

Kinachotuchelewesha

Kuna mtoto wa darasa la tano katika mtaa wetu aliyeanguka uwanjani. Goti likavimba, na wote wakasema ni ile ajali. Akapelekwa kwa mzee anayeunga mifupa, akakandwa kwa maji ya moto, akafungwa vijiti, akachanjwa chale. Miezi minne ikapita. Halafu maneno ya uchawi yakaanza, na jamaa wakagombana. Radio ilipopigwa mwishoni, ugonjwa ulikuwa tayari umefika kwenye mapafu.

Tuelewe vizuri: kuanguka hakuleti kanseri. Kunatufanya tu tuangalie mahali ambapo ugonjwa ulikuwa umeshaanza. Kanseri haiambukizi, na si adhabu ya mtu. Kukanda uvimbe hakuuondoi, na mfupa uliodhoofika unaweza kuvunjika mikononi mwa anayeukanda.

Vipimo na matibabu

Radio ikionyesha jambo la mashaka, munganga ataomba picha nyingine za mguu na za mapafu, kisha biopsi, yaani kuchukua kipande kidogo cha uvimbe ili kipimwe. Wengine wanakataa wakisema kisu kinasambaza kanseri. Bila kipande hicho hakuna anayeweza kujua ni kanseri gani na itibiwe vipi. Jambo la kuangalia ni moja: biopsi ifanywe na munganga wa upasuaji atakayefanya operesheni, au kwa makubaliano naye, kwa sababu mahali pa kukata panahesabiwa tangu mwanzo.

Kwa osteosarkoma, kawaida matibabu yanakwenda kwa hatua tatu. Kwanza kemoterapi kwa wiki kama 10, ili kudhoofisha uvimbe na kuua seli zilizotawanyika. Pili operesheni. Tatu kemoterapi tena. Dawa hizi ni kali: nywele zinatoka, mtoto anatapika, damu inapungua. Nywele zitarudi. Lakini mtoto wa kemoterapi akipata homa, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Tiba ya mionzi inasaidia kwa sarkoma ya Ewing, lakini osteosarkoma haiisikii sana. Kondrosarkoma, kwa kawaida, tiba yake ni operesheni.

Zamani, kabla ya kemoterapi kuanza kutumika katika miaka ya 1970, madaktari walikata mguu tu, na wagonjwa kama 2 kati ya 10 ndio waliopona. Leo, penye matibabu kamili na kama ugonjwa haujaenda mapafuni, wanapona 6 au 7 kati ya 10. Ugonjwa ukiwa umeenea sana, bado kuna dawa za kutuliza maumivu, hata morfini, na mtoto ana haki ya kuzipata.

Neno gumu: kukata mguu

Pengine munganga anaweza kutoa kipande cha mfupa kilichougua na kuweka chuma au mfupa mwingine, mguu ukabaki. Hilo linawezekana zaidi mtoto akifika mapema. Pengine haiwezekani. Hapo ndipo familia nyingi zinatoroka hospitali. Tunawaomba wazazi wasitoroke. Tunamkumbuka Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu mwaka 1977 akiwa na miaka 18. Mwaka 1980 alikimbia kilometa 5,373 kwa siku 143 akiwa na mguu wa bandia, ili kuchangisha pesa za utafiti. Ugonjwa ulirudi mapafuni, akafariki mwaka 1981. Maisha yake yanatufundisha mawili: mguu ukikatwa mtu anabaki mtu, na baada ya matibabu lazima kurudi kupimwa mapafu kwa miaka mingi.

Hapa kwetu, Heri Kwetu mjini Bukavu na Shirika la Umoja mjini Goma wanahudumia watu wanaohitaji miguu ya bandia. Kwa kanseri yenyewe, wengine wa mashariki wanatumwa Butaro nchini Rwanda, au kwenye taasisi ya kanseri iliyoko Mulago, Kampala. Safari hiyo ni ghali, na mpaka hauko wazi kila siku. Ndiyo maana tunasema: radio ya mapema ni rahisi kuliko kila kitu kinachofuata.

Tufanye nini?

Katika MUSO zetu tuna kasha nyekundu kwa ajili ya shida. Tunapendekeza kila kikundi kikubaliane kwamba radio ya mtoto mwenye alama hizi ni shida ya kasha nyekundu, pesa itoke bila kungoja kikao cha mwezi. Walimu tutawaita wazazi tukiona mtoto anachechemea wiki ya pili. Na wewe mama, usiku wa leo mtoto akisema goti linamuuma, muulize: tangu lini? Ni hapo hapo kila siku? Mguse, linganisha magoti yote mawili. Kama kuna uvimbe, kesho msiende sokoni kwanza. Nendeni kwenye kituo cha afya.