Saa Tatu za Kuokoa Damu

Wengi huamini kwamba tiba ya majeraha makubwa huzaliwa vitani, raia wakaja kuipokea baadaye. Kwa asidi ya traneksamiki mambo yalikwenda kinyume: raia ndio waliotangulia kutoa ushahidi.

Dawa hii iligunduliwa Japani mwaka 1962 na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, wakiwafikiria wanawake wanaokufa kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua. Mtu akiumia, damu hufuma nyuzi za protini zinazoziba kidonda. Kwa majeruhi mahututi, mwili huweza kuziyeyusha nyuzi hizo mapema mno, na dawa ndiyo huzuia hali hiyo.

Ushahidi mkubwa ulikuja mwaka 2010, kwenye utafiti ulioitwa CRASH-2: majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40, wakiwemo wa ajali za barabarani, wa visu na wa risasi. Walipangwa kwa kura. Nusu walitundikiwa gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu nyingine kwa saa 8. Nusu walipata maji ya chumvi matupu, na aliyetundika dripu hakujua ni ipi. Vifo vilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14.5. Ila waliopewa dawa zaidi ya saa 3 baada ya kuumia hawakunufaika. Kwao hatari ya kufa kwa kuvuja damu iliongezeka.

Madaktari wa jeshi waliuliza swali la msingi: je, aliyekatwa miguu na bomu la kutegwa ni sawa na aliyegongwa na gari? Waingereza na Wamarekani wakapekua kumbukumbu za majeruhi 896 wa hospitali ya Camp Bastion, Afghanistan. Waliopewa dawa walikuwa wameumia vibaya zaidi, lakini walifariki asilimia 17.4, dhidi ya 23.9 ya wasiopewa. Kumbukumbu pekee hazithibitishi, maana hapakuwa na kura. Uzito wake unatokana na kuafikiana na matokeo ya utafiti wa raia.

Kinachowasumbua askari na raia sasa ni umbali. Dripu huhitaji mshipa na mtu anayejua kuupata. Utafiti kwa majeruhi Uingereza umeonyesha kwamba dawa ikichomwa msulini huingia upesi kwenye damu. Askari aliye mbali na kambi anaihitaji sindano hiyo, na dereva wa bodaboda aliyegongwa kilomita nyingi kutoka hospitali anaihitaji vilevile.