Ramani ya Kununua na Nyumba ya Kukaa

Ndugu Wanachama,

Kila msimu wa karafuu unapokuwa mwema, maswali ya namna moja huletwa ofisini kwetu. Mwanachama amekwisha uza, fedha anazo mkononi, naye ataka kuiacha nyumba ya udongo aliyorithi ajenge ya tofali. Huuliza: "Bwana Katibu, nimeonyeshwa ramani ya nyumba nzuri, imekwisha chorwa tayari, na bei yake si kubwa. Je, niinunue?" Msimu huu wameuliza wengi kuliko desturi, maana ramani hizo sasa zimo katika simu za vijana wetu, na picha zake za rangi zina maua barazani na motokaa mlangoni. Twaona yafaa tuwajibu wote kwa pamoja. Jibu letu tutalianzia mbali, Somanda, katika mji wa Bariadi, kwa kuwa huko ndiko tulikofunzwa.

Mwezi wa Agosti 2019 tulikwenda kutazama maonyesho ya wakulima ya Nanenane, ambayo mwaka ule yalifanyika kitaifa katika viwanja vya Nyakabindi, wilaya ya Bariadi. Tulivuka bahari, tukapanda basi hadi Mwanza, tukapita Lamadi, tukaingia Bariadi tumejaa vumbi. Mkoa wa Simiyu ni mchanga. Sehemu yake kubwa ilikatwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na Bariadi ikawa makao makuu yake. Tangu hapo watu wamekuwa wakijenga kwa bidii, na kila tulikopita tuliona misingi na marundo ya kokoto. Nyumba za kulala wageni zilikuwa zimejaa, basi mzee mmoja wa Somanda, mwalimu aliyestaafu na mkulima wa pamba, akatukaribisha kwake.

Jioni ya kwanza tuliona uani mwake jambo la ajabu: msingi wa nyumba nzima, kuta zimebomolewa hadi magotini, na mbuzi wamelala humo. Tuliona haya kuuliza. Mzee mwenyewe ndiye aliyetuambia.

"Hiyo, ndugu zangu, ni kiinua mgongo changu," akasema.

Alipostaafu alinunua ramani iliyochorwa tayari. Ilikuwa nzuri kwa haki: vyumba vitatu, sebule, jiko ndani, na paa lililofichwa nyuma ya ukuta kama ilivyo mitindo ya mjini. Fundi akajenga kama ilivyoandikwa, asipunguze wala asizidishe. Walianza wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa ngumu kama jiwe. Mvua za kwanza ziliponyesha, ukuta wa mbele ukapasuka toka dirishani hadi chini, na mlango ukakataa kufunga.

Sababu yake ni udongo. Sehemu ile ya kiwanja ni mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi ambao pamba huupenda. Udongo huo ukinywa maji huvimba, na ukikauka husinyaa na kupasuka. Sisi wenyewe tulitia vidole katika nyufa zake. Nyumba iliyosimama juu yake huinuliwa upande mmoja na kuachwa upande mwingine, kila mwaka. Mwenye kuichora ramani hakukosea hesabu yake. Aliichora kwa ardhi isiyocheza, na hakupata kukiona kiwanja cha Somanda. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Mara ya pili mzee alifanya vingine. Alichimba mashimo kila upande wa kiwanja mpaka akapata, hatua chache kupanda juu, udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni. Akampelekea ramani ile ile fundi sanifu, akaomba ibadilishwe: msingi ushuke zaidi, mkanda wa zege wenye nondo uzunguke chini na juu ya madirisha, na paa liwe la migongo miwili tu. Kisha akamwita mkewe. Mama yule akatazama karatasi, akauliza, "Mahindi nitaweka wapi? Na moshi wa kuni utatoka wapi?" Jiko likahamishiwa nje, na ghala likaongezwa. Ndiyo nyumba tuliyolala sisi, nayo ilikuwa kavu na imara. Lakini fedha za kuta za kwanza hazikurudi.

Ndugu Wanachama, sasa hatuna budi kukiri jambo. Kabla ya safari ile kamati yetu ilikuwa imekubaliana kununua ramani moja na kuipiga chapa kwa kila mwanachama atakaye, ili kuwapunguzia gharama. Nia ilikuwa njema, na fedha zilikuwa zimekwisha tengwa. Tuliporudi tukaitandaza ramani ile mezani na kuitazama kwa macho ya Somanda. Haikuwa na uwanja wa kuanikia karafuu. Haikuwa na baraza ya watu kukaa jioni kuchambua karafuu na makonyo. Haikuwa na chumba kikavu cha kuweka magunia, ilhali karafuu ikipata unyevu huota ukungu na kushuka daraja. Ua wa akina mama haukuwamo, na choo, kwa namna viwanja vyetu vingi vilivyokaa, kingeelekea kaskazini, ambako kwetu ndiko kibla. Tukauacha mpango ule.

Jambo hili si geni kwetu. Majumba marefu ya Michenzani, ambayo ramani yake ilitengenezwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, yaliwapa watu wengi makao imara baada ya Mapinduzi ya 1964, na hatuyabezi. Lakini mtu aliyezoea ua na baraza ilimlazimu kujifunza kuishi upya.

Je, twasema ramani za kununua ni mbaya? La, hasha. Ramani yoyote ni bora kuliko kujenga kwa kukisia, na ya tayari huokoa fedha na wakati. Twasema tu kwamba ni kitambaa, bado hakijakatwa kwa kipimo chako. Kwa hiyo twashauri haya:

Kwanza, chimba kabla ya kununua. Mashimo mawili matatu ya kimo cha mtu yatakuonyesha kama una udongo mwekundu wa mlimani, mchanga, au tope la bondeni. Bondeni pa mpunga usijenge.

Pili, tazama paa. Huku kwetu masika ni mazito, na hewa ya chumvi hula bati na misumari. Paa lenye mikunjo mingi lina njia nyingi za kuvuja.

Tatu, hesabu mwenyewe. Tofali za saruji zenye uso wa inchi 18 kwa 9 huingia kama 10 katika mita moja ya mraba ya ukuta. Nyumba ya mita 12 kwa 10 ina mzunguko wa mita 44. Kuta zikiwa na kimo cha mita 3, ni mita za mraba 132, yaani tofali 1,320 kwa kuta za nje tu, kabla ya kutoa milango na madirisha. Ukiona hesabu yapita mavuno yako, punguza chumba kwenye karatasi. Kukipunguza kikiwa ukutani ni hasara.

Nne, mpe fundi sanifu airekebishe, kisha uombe kibali cha ujenzi kabla ya jembe la kwanza.

Tano, muulize mama wa nyumba. Yeye ndiye atakayeifanyia kazi nyumba hiyo tangu alfajiri hadi usiku.

Ramani ile ya kamati ingali katika kabati la ofisi. Mwanachama atakaye kuitazama na aje siku yoyote ya kazi; tutamwonyesha tulipoitia kalamu nyekundu. Ila twaomba aje na vipimo vya kiwanja chake, na kama amekwisha chimba, aje na udongo kidogo katika kifuko.

Wassalaam,
Katibu